Veranda ya Wageni

Nikiingia nyumba ya mtu, kabla sijaketi, naigonga sakafu. Nainama kama aliyeangusha kitu, napiga taili kwa fundo la kidole, nasikiliza. Taili iliyoshika hujibu kwa sauti fupi, nzito, kisha inanyamaza. Iliyo tupu chini hulia kama debe. Wenye nyumba hawapendi kuniona nikifanya hivyo, na wengine wameniambia waziwazi kwamba nina kiburi. Huenda ninacho. Lakini nimezika mama kwa sababu ya jiwe lililolia kama debe, kwa hiyo wanivumilie.

Mimi ni fundi wa taili. Nilijifunza kazi hii Embu mjini nikiwa msichana, na kwa miaka mingi nimeifanya Nchiru, kule Meru, ambako hosteli za wanafunzi huota kila mvua ikinyesha. Mwanamke akishika mwiko wa meno, ule wa kupakia gundi ya taili, watu husimama kumtazama. Nimezoea. Wanaume wa saiti huniita madam wakitaka kunicheka, na huniita fundi wakishaona kona zangu.

Kwetu ni Kanja. Mama aliishi huko peke yake, katika nyumba ya mawe ambayo baba aliianza na hakuimaliza, yenye sakafu ya simenti iliyopakwa niru, ule uji mzito wa simenti, mpaka ikawa nyeusi na laini kwa kusuguliwa. Mbele palikuwa na veranda tupu na ngazi mbili za zege. Mbele hapo ndipo alipopokelea watu wa kanisa, na hapo ndipo alipowaagia. Kaka yangu, mkubwa wangu, ananunua ndizi kule Mitunguu na kuzipeleka sokoni kwa lori. Tulizaliwa wawili tu tukabaki wawili.

Mama alipopigwa na kiharusi, mkono na mguu wa kushoto vililala, na maneno yakawa yanatoka nusu. Alilazwa Embu. Daktari alituambia tusubiri, na hiyo subira yenyewe ilitutisha.

Hapa lazima niseme jambo ambalo watu wa kwetu wanalijua na hawalisemi. Mgonjwa akilala hospitalini kwa muda, boma lake huanza kurekebishwa. Choo kinachimbwa upya. Lango linapakwa rangi. Miti ya njiani inakatwa matawi ili magari yapite. Ukiuliza, utaambiwa ni ukarabati tu, mbona palikuwa pamechakaa. Hakuna atakayesema kwamba watu wanakuja, na kwamba ni aibu watu wakija kuzika wakute vumbi. Mgonjwa bado anapumua, anakunywa uji kwa kijiko, na nyumbani kwake wanapima mahali pa kusimamisha hema.

Kaka alinipigia simu.

"Sista, tunaweka taili kwa mathe," akasema. "Sitting room yote, na veranda tuweke mawe. Mawe ya Mazeras. Itatoka fiti."

"Na bafu?"

"Bafu nani ataona?"

Nilikasirika hata nikakaa chini juu ya mfuko wa gundi pale saiti. Mama akirudi, kama angerudi, angekuwa mtu wa mguu mmoja na nusu, na bafu lake lilikuwa sakafu laini inayoteleza ikiguswa na sabuni. Nilimwambia kwamba kitu cha kwanza ni bafu, cha pili ni njia ya kutoka chumbani, na hiyo veranda inaweza kungoja hadi siku ya kiyama. Yeye akasema polepole, "Wewe unajua vile daktari alisema." Hakutaka kunidanganya. Alikuwa ameshamzika mama moyoni mwake, na alitaka amzike kwa heshima. Mimi sikuwa nimemzika. Tofauti yetu yote ilikuwa hapo, na sikumwonea huruma wakati ule.

Tulikubaliana kama watu wanaogombana wanavyokubaliana, kila mmoja na lake. Mimi nifanye bafu. Yeye alete fundi wake afanye sebule na veranda.

Nilienda Kanja na mwiko wangu, pima maji, nyundo ya mpira na ndoo. Fundi wa kaka alikuwa amefika. Alikuwa mtu mcheshi wa mjini, shavu limejaa majani ya muguka anayotafuna, na simu imejaa picha za sakafu zinazong'aa. Picha hazina sauti, nilimwambia, na akacheka akidhani ni utani.

Nilichagua taili za poselini zenye mkwaruzo, zile ambazo mguu wenye maji hautelezi juu yake. Poselini si kama taili za zamani. Zile za zamani hunywa maji, na ndiyo maana wazee walikuwa wakiziloweka kwenye beseni kisha wakizilaza kwa simenti tupu. Poselini haina kiu. Ukiiloweka, maji yanabaki mgongoni mwake, na simenti tupu haipati pa kushika. Inataka gundi yake.

Kwanza niliiparuza ile niru ya baba kwa patasi mpaka ikawa na makovu, kwa sababu gundi haishiki juu ya kitu laini. Nilifagia, nikapangusa kwa sponji yenye unyevu, nikangoja. Nilikoroga gundi, maji kwanza kisha unga, nikaiacha ipumzike, nikaikoroga tena. Nikaipaka chini kwa upande bapa wa mwiko kwa kuikandamiza, kisha kwa upande wa meno nikachora mifereji, yote ikielekea upande mmoja ili hewa ipate njia ya kutoka. Nikaipaka na mgongo wa taili, safu nyembamba, kila pembe. Nikailaza, nikaisukuma mbele na nyuma kukata ile mifereji, nikaigonga. Halafu nikaing'oa ileile taili niliyotoka kuilaza nikatazama mgongo wake. Ulikuwa umejaa kijivu mpaka ukingoni. Ndipo nikairudisha na kuendelea. Kazi hii ni ya polepole na ya magoti. Nilikuwa nikiwaza mguu wa mama, ule ulio hai na ule uliolala, na nikawa nauwekea kila taili.

Fundi wa kaka alikuwa akiimba huko sebuleni. Nilipotoka kunyoosha mgongo nikamwona anavyofanya. Alichota gundi kwa mwiko akaiweka nyuma ya taili kwa matonge, tonge moja kila pembe na moja katikati, kama anayegawia watoto ugali. Akaigeuza, akaigonga kidogo, ikawa sawa na mwenzake. Mafundi wengi hufanya hivyo. Sakafu yenye mabonde hunyooka upesi ukiilisha matonge, na kwa macho hutaona kasoro. Lakini katikati ya matonge kuna hewa, na uzito ukija kwenye hewa hauna wa kuubeba.

Veranda ilikuwa mbaya zaidi. Yale mawe yalikuja na vumbi la machimboni, unga mweupe ukibaki vidoleni ukiyashika. Jiwe la namna hiyo huoshwa kwa brashi mgongoni, likakauka, ndipo lipakwe. Yeye aliyatoa kwenye lori akayalaza moja kwa moja juu ya matonge yake. Gundi yake ilishaanza kukauka kwenye ndoo, akaiongezea maji ikalainika, na kila fundi anajua kwamba gundi iliyoongezwa maji hulainika na isishike.

Ilipokauka nikagonga. Sebuleni moja ililia, nyingine ikanyamaza. Nilipofika kwenye ukingo wa ngazi ya juu, mahali ambapo kila mtu anayeingia na kutoka lazima akanyage, lile jiwe la mwisho lililia lote.

Nilimwita kaka. Nikapiga mbele yake. "Sikia."

"Nasikia. Sasa?"

"Hili halijashika. Hii ngazi itolewe yote."

Fundi akaja akasimama juu ya jiwe kwa miguu yote miwili, akaruka. "Madam, si unaona? Hii haiendi mahali. Hata lori ipite."

Kaka akatazama lile jiwe, akatazama barabara, akaona mawe yamependeza na jirani mmoja amesimama langoni akishangaa. "Sista, wachana na hiyo maneno," akasema. "Wewe unatafuta makosa kwa sababu hatukukupatia kazi yote. Nyumba ni nzuri."

Nilimwambia nyumba njema si mlango. Akanipa mgongo. Ningeweza kuling'oa lile jiwe mwenyewe, na watu wameniuliza kwa nini sikuling'oa. Niliinua nyundo, ndiyo. Kaka akanishika mkono, na kwetu veranda ya baba ni ya mtoto wa kiume.

Kisha mama akarudi nyumbani. Hakuna aliyetarajia, na nadhani hata yeye alishangaa. Maneno yalirudi, mkono ukarudi nusu, na mguu ukawa unaburuzika lakini unabeba. Tulimleta kwa teksi. Alishuka na mkongojo, akasimama mbele ya veranda yake mpya, akaitazama muda mrefu. Mama hakuwa mjinga, na alikuwa mtu wa Kanja maisha yake yote. Alijua boma hurekebishwa lini.

"Kumbe mlikuwa mnaniandalia matanga," alisema kwa Kiembu, na mdomo wake ukacheka upande mmoja. "Poleni. Nimewaharibia."

Kaka alilia pale pale mbele ya dereva wa teksi. Mimi nilicheka mpaka nikaumwa mbavu, kisha nikalia pia. Mama alituacha mpaka tukamaliza, akauliza kama kuna chai.

Nilimpeleka bafuni. Nilimkalisha kwenye kigoda, nikammwagia maji, na yeye akawa anaisugua sakafu kwa unyayo wa mguu mzima, mbele na nyuma. "Hii inashika," akasema. Akaoga hapo kila siku na hakuteleza hata mara moja. Hilo ninalo, na silitoi kwa mtu.

Lakini tulipomwambia apitie mlango wa jikoni, ambako hakuna ngazi, alikataa kabisa. "Mlango wa nyuma ni wa kuku," alisema. Nilimweleza kuhusu lile jiwe la ukingoni. Nilimgongea asikie. Akaniambia nimefanana na baba yake, ambaye hakuwahi kusifu hata uji. Nilimtafutia msichana wa kumsaidia kazi, nikamwagiza amshike mkono kila anaposhuka, nikarudi Nchiru kwa sababu hosteli ilikuwa inangoja na mimi nala kwa mikono yangu.

Nilimpigia simu jioni nyingi. Nilimuuliza kuhusu mguu, kuhusu dawa, na mwishoni nilimuuliza kuhusu jiwe. "Jiwe lako halijambo, linakusalimia," alikuwa akinijibu.

Halikuwa halijambo. Mvua ndefu zilikuja, na maji yana akili ya kutafuta palipo wazi. Yaliingia chini ya lile jiwe, yakazunguka matonge, yakakaa. Jiwe likaanza kucheza. Yote haya nilielezwa baadaye na yule msichana, akilia. Mama aliliona. Alilisukuma kwa mkongojo, likatoa povu la maji machafu pembeni. Na kwa kuwa akina mama wa kanisa walikuwa wanakuja siku hiyo kumwombea na kumshukuru Mungu pamoja naye, alimwambia msichana alete gunia safi alitandaze juu ya lile jiwe. Hakutaka wageni waone kwamba veranda ambayo mwanawe alimfanyia imeshaharibika. Alikuwa anamfichia kaka aibu. Msichana alitandaza gunia.

Walikuja, wakaimba, wakala mukimo. Wakati wa kuingia walipita salama, kwani walikuwa wepesi na kila mmoja aliruka lile gunia, ambalo lilikuwa limeshalowa. Mama alikuwa ameketi ndani. Walipoaga, wakamsihi asiinuke. Lakini mgeni kwetu husindikizwa. Hata kama huwezi kumfikisha langoni, utasimama ukingoni mwa veranda umtazame mpaka apinde kona. Mama aliinuka. Msichana alikuwa jikoni akiosha vikombe. Mama akaenda mpaka ukingoni, akauweka mguu ule mzima kwenye gunia ili auvute ule mgonjwa, na jiwe likaondoka chini yake.

Shuleni tulifundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu aliyevunjika ni mkuu mwenyewe. Ilikuwa ni nyonga. Walimrudisha Embu, kitanda kingine katika wodi ileile, na nilipofika nilimkuta amefungwa uzito mguuni, anatazama dari. Alinitazama kama mtoto aliyevunja kikombe. "Usimwambie kaka yako vibaya," alisema. Hilo lilikuwa ombi lake, na nilimwahidi kwa kichwa. Kulala chali kukamletea kifua, kifua kikashuka mapafuni. Alikufa mchana, watu wakiwa wanakula chakula cha hospitali pande zote mbili za kitanda chake.

Nilikwenda Kanja moja kwa moja kutoka hospitalini. Lile jiwe lilikuwa bado limelala kwenye nyasi pale lilipoangukia. Nililigeuza. Mgongo wake ulikuwa mweupe, na vumbi la machimboni bado lipo, ukiligusa linatoka. Kwenye ngazi matonge yalibaki yamesimama mahali pake, na juu yake yalikuwa laini, hayana hata alama ya kushikana. Jiwe na gundi vilikaa pamoja miezi yote hiyo bila kujuana.

Kaka alikuja akanikuta nimelipakata. Nilitaka kumpiga nalo. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilimgeuzia mgongo wa jiwe, nikamwambia, "Angalia." Akaangalia. Hakusema ni fundi, wala hakusema ni mvua. Aliketi kwenye ngazi ya chini, yeye na mwili wake mkubwa wa kubeba ndizi, akasema, "Nilitaka tu watu wakikuja waone alikuwa na watoto." Nikakumbuka ahadi niliyotoa kwa kichwa. Nikaliweka jiwe chini.

Watu wakaja. Hema zikasimama mahali palepale zilipopimiwa mara ya kwanza. Kamati ilitaka ile ngazi izibwe upesi kabla ya mazishi, na hata walikuwa wameshapata fundi. Nilikataa. Nilisema atakayeigusa atanizika na mimi. Kwa hiyo palibaki wazi, zege na matonge yake, na kila aliyepanda kuja kutupa mkono alipaona, akainua mguu, akaruka. Mhubiri alisimama akasema kwamba mama alikuwa amebarikiwa watoto waliomwekea nyumba nzuri, jioneeni wenyewe, na watu wakageuza shingo kutazama veranda. Kaka aliinamisha kichwa. Wakati huo, kwa mara ya kwanza, nilimwonea huruma.

Baada ya udongo kutulia, alinijia. Alisema angependa kaburi lijengewe na kuwekwa taili, kama watu wanavyofanya siku hizi, lakini hataleta fundi. Aliniomba mimi. Hakunihimiza niwahi.

Nilizilaza taili za poselini, nyeusi. Nilifanya kama nilivyofanya bafuni: gundi chini, mifereji upande mmoja, gundi mgongoni, kila pembe. Kaka alinikorogea gundi. Nilimfundisha kuiacha ipumzike, naye akakaa kando yake akiilinda kama sufuria ya maziwa. Nililaza ya kwanza, nikaing'oa, nikamwonyesha mgongo. Umejaa. Hakuuliza kwa nini namwonyesha.

Ilipokauka alipiga magoti akaligonga kaburi lote kwa fundo la kidole, taili moja baada ya nyingine, sikio limeinama. Kila mahali palijibu kwa sauti fupi, nzito. "Imeshika yote," akasema. Imeshika. Hakuna mtu atakayeikanyaga.

Veranda iko bado, na mawe yake yakilowa yanapendeza kweli. Tunapokwenda Kanja, mimi na kaka yangu, hatupandi ile ngazi. Tunazunguka nyumba, tunainama chini ya kamba ya nguo, na tunaingia kwa mlango wa kuku.